Bilauri Moja

Karatasi huanza nyeupe.
Unaitundika mdomoni mwa chupa, unafunika, unasubiri dakika ishirini,
na katika dakika hizo watu wa Borotola
huwa wameshamjua baba yangu ni nani.

"Binti wa Jobbar fundi? Yule aliyetuchimbia?"
Ndiye. Miaka ishirini na miwili iliyopita
aliyazika mabomba haya moja moja, tope hadi kifuani,
na waliomtuma walisema: acheni bwawa, bwawa lina kipindupindu.
Walisema kweli. Watoto wakaacha kufa kwa kuhara.
Kila nyumba ilimpa baba kuku.

Karatasi inageuka njano, haikomei hapo, inafika kahawia.
Nafungua kopo la rangi nyekundu.

"Subiri," anasema Bi Momena. "Maji haya yana harufu?"
Hayana.
"Yana ladha?"
Hayana.
"Yana rangi?"
Ni maangavu kuliko jicho la ndama.
"Basi wekundu unatoka kwenye kopo lako."

Ua mzima ukacheka. Ningekuwa wao, ningecheka.
Nikasema nililofundishwa Dhaka:
aseniki, mikrogramu mia mbili na kumi kwa lita,
na hiyo mikrogramu ikatua uani kama kuku wa jirani,
ikafukuzwa.

Ndipo akaniletea bilauri.
Ya chuma, imesuguliwa kwa majivu, imejaa pomoni.
"Mgeni hakatai maji. Kunywa."

Nikikataa, nimemvunjia heshima mbele ya wake wa wanawe.
Nikinywa, nimeifuta rangi kwa midomo yangu.
Na ukweli, ule ukweli mwembamba niliokuja nao sandukuni,
ni kwamba bilauri moja haimdhuru mtu.
Nikausema: moja haina neno, mama, ni nyingi, ni miaka.
Nikanywa.
Yalikuwa matamu.

Kabla ya magharibi habari ilishavuka mto:
amekunywa! Binti wa Jobbar amekunywa mwenyewe!
Lile "ni miaka" lilibaki uani, halikupata wa kulibeba.

Tumelelewa na haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia kibaba cha nini.

Nilirudi baada ya wiki tatu
na barua ya onyo ya mkuu wangu mfukoni.
Rangi ya bomba ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, nusu tu,
kama mtu alichoka au aliingiwa na shaka.
Bi Momena hakunisalimu. Alinishika mkono
akanipeleka nyuma ya jiko, ukutani,
mjukuu wake Polash alikoandika kwa mkaa:
sita kwa siku, mara mia tatu sitini na tano, mara ishirini na mbili.
Jibu aliliandika kwa tarakimu kubwa hata likapinda kona:
elfu arobaini na nane, mia moja na themanini.

"Wewe ulikunywa moja," akasema.
Akafunua viganja. Chembe ngumu zimejaa
kama mtama uliomwagika chini ya ngozi.
"Nilidhani ni mchi."

Nikamwambia ambalo halimo kwenye kijitabu:
hatukujua. Baba hakujua. Waliomtuma hawakupima,
na mimi nimekuja nikiwa nimechelewa.
Akanyamaza muda wa karatasi kugeuka.

"Chenye rangi ya kijani kiko wapi?"
Kimoja tu. Hatua mia tatu, kwa Kasem Bepari.
Akaguna.
Kasem na marehemu mumewe walishtakiana mpaka wa shamba,
miaka kumi na mmoja; mmoja amezikwa, kesi bado.
"Hesabu nimeielewa, mwanangu.
Sasa fungua hilo sanduku lako
unionyeshe karatasi ya kumpima Kasem."

Nikafungua, sijui kwa nini.
Chupa, unga, makopo mawili ya rangi.
Naye akainama kuchungulia, bila mzaha,
kama mtu aliyetumaini kuiona.